Gundi kwenye mshono wa mwanangu

Jamaa zangu wa Malindi wameniuliza sana kuhusu upasuaji wa mwanangu, aliyezaliwa na tundu la mkojo upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, na hasa kuhusu gundi waliyosikia nikiitaja. Si gundi ya fundi viatu, ingawa mjomba wake hakuacha utani. Daktari alitueleza aina mbili: ya fibrini, inayotengenezwa kwa fibrinojeni na thrombini, protini zilezile zinazogandisha damu mwilini, ambayo hutiwa juu ya mishono ya ndani ili kuziba mianya midogo, na ya sianoakrileti, inayoshika ngozi kwa nje na kubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Njia mpya ya mkojo hushonwa kwa nyuzi nyembamba zinazoyeyuka, kwa hiyo gundi ni msaidizi wa uzi tu. Hofu kubwa ni fistula, yaani kitundu kinachovujisha mkojo pembeni mwa mshono, na gundi haiondoi hatari hiyo kabisa.

Mwanangu alitiwa ile ya nje, nami nilishukuru kwamba hapakuwa na nyuzi za kutolewa huku akilia. Kilichotusumbua ni mpira wa mkojo, alioushika kila tulipomfungua nepi.

Nyanya yake alitaka apashwe tohara mapema. Tulimkatalia kwa adabu, kwa sababu daktari huenda akaihitaji ngozi ya govi kutengenezea njia mpya ya mkojo. Tohara ilikamilishwa katika upasuaji uleule.