Alasiri tuliyosoma habari za Bet il Mtoni

Kabla hatujaanza kuandika habari za ukoo wetu, shangazi alinitaka nimsomee kumbukumbu za Salme binti Said, yule aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Tulikaa barazani baada ya alasiri, daftari lake kubwa pembeni. Kurasa za mwanzo zilikwishajaa nasaba, fulani bin fulani.

Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka 1866, na kitabu chake kikatoka Ujerumani 1886. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, waliokulia huko bila kuiona nyumba ya babu yao. Kwa hiyo hakuna alichokidhania kuwa wanakijua. Anaanza na nyumba: Bet il Mtoni, ua wenye tausi, swala na mbuni, mabafu, kisha roshani ya duara ambako baba yake, Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alikuwa akitembea kichwa ameinamisha, akichechemea kwa risasi iliyompata pajani vitani.

"Huyu mzee nimeshamwona," shangazi akasema. "Lakini hao wa kwangu humo daftarini, nani atawaona?"

Tukachukua karatasi tupu, tukachora nyumba ya bibi: mlango wa uani, kisima, jiko, ukumbi. Ndani ya kila chumba tukaandika nani alilala, nini kilitundikwa ukutani, nani alikatazwa kuingia. Mchoro uliamsha mengi kuliko maswali yangu. Ukiuliza "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "Mcha Mungu, mkarimu", na sifa hizo zinamfaa bibi wa kila mtu. Nilipouliza asubuhi alishika nini kwanza, likaja birika, ikaja mbuzi ya kukunia nazi yenye mguu uliofungwa waya.

Miaka ilitusumbua. Shangazi hakujua mdogo wake alizaliwa lini, ila Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akitambaa. Mtoto hutambaa akiwa na miezi saba hadi kumi hivi, basi ni baina ya Machi na Juni 1963 hivi. Tarehe ya kukisia namna hiyo iwekewe alama pembeni, la sivyo wajukuu wataichukua kama cheti.

Kisha tukafika njama ya 1859, ya Barghash na wenzake dhidi ya Sultani Majid; wote wawili ni kaka zake Salme. Salme alikuwa na miaka kama kumi na tano, na kwa kuwa alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, yeye ndiye aliyewaandikia barua. Sehemu yake hakuificha.

Shangazi alinyamaza, kisha akataja shamba la mikarafuu lililogombanisha ndugu zake. Tulikubaliana hivi: kila tendo liandikwe na jina la aliyelisimulia, na kama aliona mwenyewe au aliambiwa. Nia ya mtu isiandikwe ila kama aliitamka. Wakihitilafiana, maelezo yote mawili yabaki. Na waliohusika ambao wangali hai wasomewe sura hiyo kabla haijapelekwa kuchapwa.

"Anza na kaka mkubwa," akasema, "ana kumbukumbu nzuri asubuhi."