Siku ya wazee wa pwani mjini Berlin

Oktoba 2024 walikuja Berlin wageni tisa kutoka Tanga, Lindi na Dar es Salaam, wengi wao walimu wastaafu, wakaomba niwatembeze kwa Kiswahili siku nzima. Kwa kundi la umri ule ratiba haianzii kwenye orodha ya majengo, inaanzia kwenye miguu. Mzee wa miaka sabini na kitu anatembea vizuri kilomita nne au tano kwa siku ikiwa zimekatwa vipande, na kila kipande kina pa kukaa na choo. Baadhi ya vyoo vya barabarani Berlin hulipiwa.

Tulianzia kituo cha Zoologischer Garten, kwa kifupi Zoo, saa tatu u nusu asubuhi. Mwaka ule tiketi ya saa 24 ya mtu mmoja, kanda za nauli A na B, ilikuwa yuro 9.90. Ipo nyingine ya kikundi kidogo, inayobeba hadi watu watano kwa saa hizohizo 24, na mkifika wanne tayari inawashinda wanaonunua mojamoja. Watu tisa walihitaji mbili, ya watano na ya wanne. Tiketi ya karatasi haifanyi kazi mpaka igongwe mhuri kwenye mashine ndogo, ambayo kwa treni husimama jukwaani na kwa basi imo ndani ya gari. Mkaguzi akikuta haina mhuri anahesabu huna tiketi, na faini ni yuro 60. Sharti lingine husahauliwa: wanaotumia tiketi moja lazima wasafiri pamoja. Nikawapanga tangu asubuhi nani yuko na nani, na kila kundi likamchagua mshika tiketi.

Basi namba 100 ndilo naliamini kuliko mabasi ya kitalii. Lilianza 1990, baada ya Ujerumani kuungana tena, likaziunganisha Zoo ya magharibi na Alexanderplatz ya mashariki, na kwa nauli ya kawaida linakupitisha penye sehemu kubwa ya kile wageni wanachokuja kuona. Ni basi la ghorofa, na viti vya mbele juu hugombaniwa. Siri ni kupandia Zoo, ambako basi linaanza safari tupu. Kutoka juu waliona mnara wa ushindi wa Siegessäule, ikulu ya Bellevue, kisha jengo la bunge, Reichstag, lenye kuba la kioo.

Kuba hilo sikuliweka katika ratiba ya siku ile. Kuingia ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, uje na pasipoti, upite kwenye ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Ukijumlisha foleni na kupanda ile njia ya mzunguko ndani ya kuba, saa mbili zimekwenda. Kwa jina, andika lililo kwenye pasipoti na kwa mpangilio uleule. Watu wetu wenye majina matatu, anayejulikana mtaani kwa jina la babu yake, ndio hukwama mlangoni.

Tulishuka Lango la Brandenburg. Lilijengwa kati ya 1788 na 1791 na msanifu Carl Gotthard Langhans, lina nguzo sita kila upande na njia tano katikati. Gari la farasi wanne lililo juu alilibuni Johann Gottfried Schadow. Napoleon alilibeba hadi Paris 1806, likarudishwa 1814. Anayetaka picha nzuri aipige asubuhi akiwa upande wa Pariser Platz, maana jua liko nyuma yake. Pale pia hupita watu wenye karatasi za kuomba sahihi. Mmoja anakusemesha, mwingine anaangalia mkoba. Wazee waliambiwa wasipokee kalamu ya mtu, na hawakupokea. Nyuma ya lango, ardhini, kuna mistari miwili ya mawe iliyopachikwa barabarani. Ndipo Ukuta uliposimama kuanzia 1961 hadi 1989. Ukifuata mistari ile kuelekea kusini unafika karibu na kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, matofali makubwa ya zege 2,711, iliyobuniwa na Peter Eisenman na kufunguliwa 2005. Kwa nje yanaonekana mafupi, lakini ukiingia sakafu inashuka na zege linakupita kimo, na kila njia ina upana wa mtu mmoja tu. Kwa hiyo kundi lenye wazee lisiingie kwa mkupuo. Wanaotaka waingie wawiliwawili, na pa kukutania pawe pamekubaliwa kabla.

Jambo nililotaka walione zaidi ya yote lilikuwa mbele, kwa mwendo wa robo saa, katika barabara ya Wilhelmstraße. Namba 92 leo ni nyumba za kupanga za kawaida, zilizojengwa miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki. Watu wanaanika nguo barazani. Jengo la zamani, makao ya kansela Bismarck, lilitoweka kutokana na vita, na kilichobaki ni bamba la maelezo lililosimamishwa kando ya njia ya miguu. Usipoambiwa unapita ukitafuta mgahawa. Hapo ndipo ulipofanyika ule Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nchi kumi na nne zilikaa mezani. Hakuwepo Mwafrika, na Sayyid Barghash wa Zanzibar hakualikwa.

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba mipaka yetu ilichorwa mezani pale. Haikuwa hivyo hasa, na mwalimu mmoja wa historia kutoka Tanga alinipa nafasi ya kulieleza. Aliuliza, "Mwanangu, na ule mstari wa Umba waliupiga hapahapa?" Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu. Hapa waliweka kanuni." Walikubaliana juu ya biashara ya Kongo, vyombo kupita mto Niger, na namna taifa litakavyodai pwani mbele ya wenzake. Mstari unaotoka mlango wa mto Umba, ukapinda kuuacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani, kisha ukanyooka hadi ziwa Victoria, ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mkataba wa 1890 uliogusa Zanzibar ndio ulitiwa sahihi mjini Berlin. Ila kuna tarehe moja isiyosahaulika. Wakati wakubwa wanajadiliana, Mjerumani Carl Peters alikuwa bara, Usagara na jirani zake, akiwatilisha sahihi machifu kwenye karatasi. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake, tarehe 27, kampuni yake ikapewa hati ya ulinzi ya Kaizari. Yule mwalimu akaandika tarehe zote mbili kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine, akapiga mstari kati yao.

Adhuhuri ya Berlin mwezi ule iko karibu saa saba kamili, na wengi walitaka kusali. Tulirudi langoni: katika jumba dogo la upande wa kaskazini kuna chumba cha utulivu, kilichofunguliwa 1994, cha mtu wa dini yoyote au asiye na dini. Kuna viti, ukutani pambo la kufumwa, hakuna msalaba wala mwezi. Unaingia bure, na unachotakiwa ni kunyamaza. Kibla cha Berlin ni kusini-mashariki. Chumba ni kidogo, kwa hiyo walipokezana kwa zamu, wengine wakikaa kupumzisha magoti.

Kutoka hapo tulichukua treni ya chini ya ardhi U5, kituo kimoja tu, tukabadilisha Unter den Linden kupanda U6 ya kwenda kaskazini. Kwenye kubadilisha ndipo kundi hukatika. Milango hulia mlio mfupi, taa nyekundu inawaka, na haimngojei mtu. Wawili walibaki jukwaani, na tiketi yao ilikuwa ndani ya treni mkononi mwa mwenzao. Tulikuwa tumeshakubaliana asubuhi: aliyebaki hasogei, wala hapandi treni inayofuata kwa kubahatisha, waliotangulia washuke kituo cha mbele na mwenye tiketi arudi kuwachukua. Kwenye ngazi wazee wapewe nafasi ya kutangulia, na mwenyeji apande wa mwisho. Treni zinafuatana kwa dakika chache, kwa hiyo tulijikuta wote Naturkundemuseum bila kuchelewa.

Jumba la makumbusho ya viumbe liko Invalidenstraße 43 na Jumatatu hufungwa. Ndani ya ukumbi wa kwanza amesimama Giraffatitan, kimo cha mita 13.27, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosari vilivyosimamishwa duniani. Ametoka Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua walichimba pale chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mnyapara wao mkuu aliyejua kazi ya mifupa kuliko wengi alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa kichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, mifupa mingine ikiwa imefungwa kwa mianzi isivunjike. Na hii ilikuwa miaka miwili mitatu tu tangu vita vya Maji Maji kuisha, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye njaa.

Simama kwanza kwenye miguu ya mbele kabla ya kutazama juu. Mfupa wa mkono wake umempita mtu mzima, rangi ya udongo mweusi, na kwa karibu unaona nyufa zilizozibwa. Bibi mmoja wa Lindi aliuzunguka mguu ule taratibu, akauliza swali ambalo wageni wachache huuliza: "Na kichwa, ni chenyewe?" Si chenyewe. Fuvu lililo juu ni la kuigiza, na vivyo hivyo pingili za shingo na mgongo, kwa sababu zile za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa. Miguu ndiyo ya asili kwa sehemu kubwa. Bibi akasema, "Basi miguu ni ya kwetu." Aliomba apigwe picha hapo, mguuni. Pembeni yuko Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, naye wa Tendaguru, ambaye watu humruka kwa sababu ya ukubwa wa mwenzake. Tengeni saa mbili, na muache mikoba kwenye makabati, bega litashukuru.

Kutoka hapo tramu M8 inafika Rosenthaler Platz. Tulikuwa tunatafuta Brunnenstraße 193, na hapa namba za nyumba za Berlin huwachanganya watu. Katika barabara nyingi za zamani namba haziruki upande huu na ule. Zinapanda upande mmoja hadi mwisho wa barabara, halafu zinarudi upande wa pili. Kwa hiyo namba 193 iko karibu kabisa na namba 1, ng'ambo yake. Mbele ya nyumba hiyo kuna kijiwe cha ukumbusho, Stolperstein, chenye bamba la shaba ya njano la sentimita kumi kwa kumi hivi, kimepachikwa usawa wa njia ya miguu. Ni cha Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, askari akiwa bado mtoto katika vita vya kwanza, baadaye mhudumu wa hoteli, mwigizaji wa filamu, na mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Alikamatwa 1941, akafa katika kambi ya mateso ya Wanazi, Sachsenhausen, mwezi Novemba 1944. Wale walikuwa walimu, na habari ya mwalimu wa Kiswahili iliwagusa kuliko lango na kuba. Waliuliza alifundisha vipi, alilipwa nini, alikuwa na watoto wangapi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sikuwaharakisha. Tahadhari moja: njia ya baiskeli iko pembeni kabisa ya njia ya miguu, na mwendesha baiskeli wa Berlin hapunguzi mwendo kwa mtu anayerudi nyuma kupiga picha.

Tulirudi kwa M8, kisha U6 hadi Rehberge. Ukitoka kituoni, kona ya Otawistraße, kuna bamba lenye pande mbili na maelezo mawili tofauti kuhusu mtaa huo, uitwao Mtaa wa Kiafrika, kwa sababu baraza la wilaya na asasi za wananchi hawakuelewana juu ya maneno. Someni pande zote mbili. Mtaa wenyewe una Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße, na wa Tanga wakapiga picha zao. Lakini tulikuja kwa sababu ya barabara iliyoitwa Petersallee tangu 1939, kwa heshima ya Carl Peters yuleyule. Mwaka 1986 jiji lilibaki na jina lilelile likasema sasa ni la Peters mwingine, Hans, mwanasheria. Njia hiyo ya mkato haikumtuliza mtu. Agosti 2024 ikagawanywa: kipande kimoja kikawa Anna-Mungunda-Allee, kwa mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959, na kingine Maji-Maji-Allee. Kibao ni cheupe chenye herufi nyeusi, kama vibao vyote vya jiji, juu ya nguzo kwenye kona. Wazee walilisoma lile neno kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

Tulimaliza kabla ya magharibi. Tiketi zao zilikuwa na uhai hadi saa tatu u nusu asubuhi ya kesho, na ndege ilikuwa ya mchana, kwa hiyo niliwaeleza la mwisho: uwanja wa BER uko kanda C, na tiketi ya A na B haifiki. Anayetoka hotelini kabla ya saa ile anunue ya nyongeza ya kanda C kwenye mashine, kila mtu yake, na aigonge mhuri kabla ya kupanda.