Usijidhuru, Sisi Sote Tupo Hapa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipita kando. Dada mmoja wa ushirika wetu, mke wa askari, aliniandikia usiku: "Mama, mume wangu karudi kutoka operesheni lakini ni kama hajarudi. Anakaa tu. Jana kaniambia watoto wangeishi vizuri zaidi bila yeye. Nimwombeeje?" Tangu usiku ule nasoma Matendo ya Mitume sura ya 16, na kila nikitaka kusonga mbele narudishwa kwenye mstari wa 27 na wa 28.

Sura hii tumezoea kuihubiri kuanzia mstari wa 25. Paulo na Sila wanaimba gerezani, nchi inatetemeka, vifungo vinalegea, kanisa zima linapiga makofi. Ni neema kubwa, silikatai hilo. Ila tunampita haraka mlinzi wa gereza aliyesimama gizani akiwa na upanga wake mwenyewe mkononi. Mtu yule ni askari na yuko kazini. Silaha aliyokabidhiwa alinde nayo wengine, sasa ameielekeza kwake.

Hebu tumtazame. Filipi ulikuwa koloni la Kirumi, na baada ya vita vilivyopiganwa karibu na mji huo mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wengi waliomaliza utumishi waligawiwa ardhi pale. Maandiko hayasemi kama mlinzi huyu naye aliwahi kupigana, lakini aliishi katika mji wa watu wa vita, mahali ambapo heshima ya mwanamume ilipimwa kwa ukakamavu wake. Na kazi yake ilikuwa na kanuni isiyo na huruma: mfungwa akitoroka, mlinzi ndiye anayelipa. Rudini sura ya 12 mwone Herode alivyoamuru walinzi wa Petro wauawe. Kwa hiyo mlinzi wa Filipi alipozinduka akakuta milango iko wazi, hakuhitaji kusomewa mashtaka. Aibu, usiku wa manane, usingizi uliokatika, upweke, na silaha iliyo karibu na mkono, yote yalimkuta kwa pamoja.

Someni tena orodha hiyo taratibu. Ukikaa na daktari wa magonjwa ya akili anayetibu askari leo, atakutajia mambo hayo hayo.

Tena wafungwa walikuwa hawajatoroka. Mtu huyu alikuwa karibu kufa kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea kabisa. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inawafanyia watu hivyo hivyo. Inamwambia baba kwamba yeye ni mzigo, na inamwambia kwa sauti inayofanana na akili timamu, mpaka anaamini kuwa anawatendea wema watoto wake kwa kuondoka. Si kweli. Milango imefunguka, ndiyo, lakini watu wote wapo.

Ndipo Paulo akapaza sauti yake kwa nguvu: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa."

Wapendwa, hapa ndipo nilipokwama wiki nzima, naomba mkae nami hapa. Paulo hakuzungukazunguka. Hakusema, "Ndugu, kila kitu kitakuwa sawa." Hakungoja mtu atulie kwanza. Alilitaja lile jambo lenyewe, na akalitaja kwa sauti ya juu, kwa sababu muda haukuwepo. Sisi tunaogopa kulitaja. Tunadhani tukimwuliza mtu kama anawaza kujiua tutakuwa tumempandia wazo ambalo hakuwa nalo. Watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi, na wanachokiona ni kwamba kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu huko. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu ameona. Ukiuliza kwa kuficha, utajibiwa kwa kuficha. "Upo sawa?" "Nipo sawa, mama." Mazungumzo yameisha, na yeye anarudi gizani.

Najua ninachokisema. Mume wangu ni polisi mstaafu, na haya ninayoyaandika ameyasoma mstari kwa mstari akaniruhusu. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wale wanaofika kwanza kwenye ajali na vifo. Askari wa vitani pengine atakutajia siku moja, mlipuko mmoja. Kwa polisi mara nyingi ni mzigo unaojazwa kidogo kidogo, mwili huu leo na ule wiki ijayo, na kila asubuhi anapiga pasi sare na kurudi kazini. Ila kulikuwa na mtoto mmoja aliyemtoa kwenye gari lililopinduka. Baada ya hapo mume wangu hakuweza tena kumfunga mtoto wetu wa mwisho vifungo vya sweta. Alianza na kifungo cha juu, vidole vikatetemeka, akaniita nije nimalizie, yeye akatoka nje na kusimama akiangalia ukuta. Ikawa hivyo kila asubuhi. Kanisani alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, na mtu akiangusha kitabu cha nyimbo, yeye tayari kashasimama. Watu wakaanza kusema amepoa kiroho.

Jioni moja alikuwa akijiandaa kwenda zamu ya usiku. Alikuwa mtulivu kupita ilivyokuwa desturi yake. Akanionyesha mahali zilipo hati za kiwanja, akanitajia nani anamdai na nani anadaiwa, akakaa na kila mtoto kwa muda. Moyo wangu ukagonga. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, "Baba, unawaza kujiua?" Nilitumia neno lenyewe. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akakaa chini na buti moja mguuni, nyingine mkononi, akasema, "Ndiyo. Siku nyingi."

Sikumhubiria. Nilikaa naye pale sakafuni nikamwambia, "Leo huendi, na hutakaa peke yako." Nikampigia mwenzake wa kikosi, mtu anayemwamini kuliko wote, naye akaja akakesha nasi. Huyo ndiye aliyeongea na mkuu wa zamu kwamba mwenzao anaumwa. Asubuhi wakaenda wawili, mume wangu akapangiwa kazi isiyo na silaha, na kutoka hapo wakaenda hospitali. Dawa hazikufanya kazi siku ile ile. Zilihitaji wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Mshauri nasaha alimsaidia kulisimulia tukio la lile gari kidogo kidogo, akirudia tena na tena, mpaka likaacha kumvamia bila kualikwa. Maombi tuliomba usiku na mchana. Mkiniuliza Mungu alifanya kipi kwa dawa, kipi kwa maombi na kipi kwa yule rafiki aliyekesha, siwezi kuvitenganisha, na sioni kwa nini nivitenganishe. Bado zipo siku nzito. Ila watoto wana baba.

Kwa hiyo yule dada aliponiuliza amwombeeje mumewe, nilimjibu kwamba maombi tunaanza sasa hivi, na wakati tunaomba, wewe mwulize kwa neno lenyewe, na usimwache peke yake.

Sasa niseme na sisi tunaoongoza maombi, na mnivumilie kwa ukali wangu. Askari anapokuja mbele akasema amechoka kuishi, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya mauti kwa dakika tano, kisha tukamwambia aende kwa amani, tumemrudisha lindoni peke yake. Kuomba ni lazima. Lakini Elia alipojiombea afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili akamgusa, akamwambia ale kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Mbingu zenyewe zilikiri kwamba safari ilikuwa kubwa. Sisi ni nani hata tumwambie mtu aliyebeba maiti za wenzake kwamba imani yake ni ndogo? Mwenye jeraha la risasi tunamkimbiza hospitali huku tukiomba njiani. Aliyejeruhiwa akili tunamwambia afunge siku tatu, wakati yeye hali chakula wala halali wiki ya pili sasa.

Dunia imekwisha kulifanya kosa hili kwa gharama ya damu. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi zaidi ya askari 300 wa kwake na wa makoloni yake, wengi kwa kosa la utoro na wengine kwa woga, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wamevurugwa akili na mizinga. Walisamehewa mwaka 2006, wakati hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuusikia msamaha huo. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa huu wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980 tu. Na huko huko Marekani, makadirio ya Chuo Kikuu cha Brown yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba askari na maveterani zaidi ya 30,000 waliotumikia katika kipindi cha vita vilivyoanza baada ya Septemba 2001 wamekufa kwa kujiua, huku waliokufa katika operesheni zenyewe wakiwa kama 7,000. Tunapowaombea askari warudi salama, tuwe na maombi mengine ya baada ya kurudi.

Kuna ndugu nao wanaosoma hapa ambao neno askari linawachoma. Mlipigwa, au mwenzenu alipigwa, na mnapoambiwa muwahurumie polisi moyo unakataa. Siwalaumu. Lakini tazameni mgongo wa Paulo usiku ule. Viboko vilikuwa bado vibichi. Miguu aliwekwa kwenye mkatale na mtu huyu huyu. Angenyamaza tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Paulo akaona uhai wa mtu unakwenda, akapaza sauti. Haki ya yale mapigo aliidai kesho yake asubuhi, mbele ya mahakimu, na aliidai kweli kweli. Usiku aliokoa maisha. Vyote viwili vinawezekana kwa mtu mmoja.

Jambo la upanga nalo lisipite. Hamu ya kufa mara nyingi huja kama wimbi, inapanda kwa nguvu kisha inashuka, na kama silaha iko mbali wakati wimbi limepanda, mtu huweza kuvuka. Mwaka 2006 jeshi la Israeli lilipunguza desturi ya askari kwenda nyumbani na bunduki mwisho wa wiki, na vifo vya kujiua miongoni mwa askari vijana vikapungua kwa takriban asilimia 40. Bunduki zilibaki ghalani. Wake zetu, mama zetu, na ninyi makamanda mlio waumini, askari akisema maneno ya kuaga, silaha ikabidhiwe ghalani siku hiyo hiyo, kwa staha, bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Asiadhibiwe kwa kusema ukweli, maana ukimwadhibu mmoja umewafunga midomo wote.

Na ninyi mliokwisha kufiwa kwa namna hii, ambao labda mlinyimwa hata wimbo mmoja kaburini: Mfalme Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe, na Daudi akamlilia kwa maombolezo tunayoyasoma hadi leo, bila neno moja la kumhukumu. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha wakamchukua, wakaizika mifupa yake chini ya mti, wakafunga siku saba. Msiinamishe vichwa mbele ya mtu yeyote.

Kaka yangu askari, dada yangu askari, nawe uliyestaafu na hujui tena wewe ni nani bila sare: kama unasoma haya na lile wazo limo ndani yako, usingoje ibada ya Jumapili. Mwambie mtu mmoja leo, mwenzako wa kikosi, mkeo, mumeo, mchungaji, daktari, na umwambie kwa maneno yenyewe: "Nawaza kujiua, usiniache peke yangu." Akikujibu vibaya, nenda kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Mwombe akae nawe mpaka mfike hospitali. Kama una silaha, mpe mtu aipeleke ghalani usiku huu. Na ukikosa wa kumpigia, wapo wazee wa kanisa, wapo akina mama wa maombi, nipo mimi na mume wangu, na simu zetu hatuzimi usiku.