Nilivyozunguka visiwa vya Ugiriki kwa meli ya polepole

Ukitaka Ugiriki isikumalizie pesa, sahau ndege za visiwani, na kisiwa cha Santorini waachie wenye fungate. Mimi naishi Ujerumani, kibali changu cha ukaazi kinaniruhusu kuingia bila viza nyingine, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa usafiri tu. Nikachagua kisiwa kimoja, Naxos, nikakifanya kambi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens metro inakufikisha bandarini Piraeus. Meli kubwa ya magari huchukua kama saa tano hadi Naxos. Boti za kasi zinawahi, ila bei nayo inapaa. Kuna jambo moja sikuambiwa na mtu. Meli haikai bandarini. Inapiga reverse gatini, mlango wa nyuma unashuka, malori na abiria wanatoka pamoja, wengine wanaingia, dakika chache imeng'oa nanga. Begi unaliacha chini kwenye rafu zilizoandikwa majina ya visiwa. Tulipoondoka Paros tu, kisiwa cha kabla ya Naxos, nikateremka kulisogelea langu.

Kiangazi kuna meltemi, upepo wa kaskazini. Ukifika 8 kwenye kipimo cha Beaufort cha nguvu za upepo, meli kwa kawaida huzuiwa, na boti ndogo hukwama mapema zaidi. Sisi wa Unguja tunajua bahari ikichafuka hakuna ubishi. Kwa hiyo safari ya Delos, kisiwa kidogo cha magofu ya kale, niliiweka mwanzoni mwa ziara. Siku yenyewe boti haikutoka kweli; wakala akanihamishia kesho yake, sikupoteza kitu.

Delos hakuna mgeni anayelala, na kivuli ni cha kutafuta. Beba maji na kofia. Wengi wanakimbilia simba wa marumaru (waliosimama nje ni nakala, wenyewe wako makumbusho). Mimi nilibaki nyuma, kwenye magofu ya upande wa bandari. Warumi waliifanya Delos bandari huru isiyotoza ushuru mwaka 166 KK, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Kiongozi wetu alilitaja hilo kwa sentensi moja, akasonga mbele. Mtu aliyekulia jirani na Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa la Unguja, hawezi kusonga upesi hivyo. Nilikaa pale mpaka boti ikapiga honi.

Kurudi Athens nilijiachia usiku mzima kabla ya ndege, kwa sababu ya upepo uleule. Akropoli, ngome ya kale juu ya kilima, wanauza tiketi kwa saa maalumu. Nikachukua ya saa mbili asubuhi, maana joto likizidi hufunga mchana, kama walivyofanya mwaka 2023. Saa nne nilikuwa nimeshateremka, natafuta gyros, nyama ya kuchoma ndani ya mkate. Sema mapema unataka ya kuku; usiposema, utaletewa nguruwe.