Siku Tuliyoicheza Tena Kanda ya Kwanza

Kanda mama, ile kaseti tuliyorekodia nyimbo zenyewe, ilikuwa kwa mpiga ngoma wa bendi yetu miaka yote hiyo. Nakala tulizozitoa wenyewe, jalada la fotokopi, tuliziuza mkononi baada ya shoo. Kila aliyenunua alimrekodia mwenzake, naye akamrekodia mwingine, hadi sauti ya mwimbaji ikazama kwenye mvumo. Kwa hiyo mpiga ngoma aliponipigia simu kusema ameiona kwenye boksi la nyaya, niliacha kila kitu.

Kwenye deki ya kawaida ilitoka sauti ya kutisha: besi inanguruma, wimbo unajikokota, mwimbaji hasikiki kabisa. Mwenyewe alidhani kanda imekufa. Haikufa. Tuliirekodi chumbani kwa mashine ya treki nne, yaani njia nne za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, ya ukoo ulioanza na Portastudio 144 ya kampuni ya TASCAM mwaka 1979. Mashine ile huzungusha kaseti kwa kasi maradufu, takriban sentimita 9.5 kwa sekunde, na hutumia upana wote wa utepe kwa upande mmoja. Deki ya kawaida husoma nusu ya upana huo, tena kwa nusu ya kasi. Ukigeuza kaseti, treki mbili zilizobaki zinacheza kinyumenyume.

Tukaazima mashine ya aina ile. Kile kisponji kinachokandamiza utepe kilikuwa kimebanduka, nikahamisha kingine kutoka kaseti tupu. Kisha nikachukua bisibisi ndogo, nikawa nageuza skrubu ya kichwa cha kusomea kidogo kidogo, sikio langu lote likiwa kwenye matoazi. Yalikuwa butu, yamefunikwa. Nikageuza tena unywele mmoja, yakafunguka, na nyuma yake nikasikia vidole vyangu vikiteleza kwenye nyuzi za besi.

Ngoma, besi na gitaa la kwanza vilikaa pamoja kwenye treki moja. Tulikuwa tumejaza treki tatu, tukazichanganya kwenye ya nne, kisha tukafuta zile tatu ili sauti za waimbaji na gitaa la pili vipate nafasi. Ukiishusha besi leo, unazishusha na ngoma. Mimi naipenda kanda ile kwa sababu hiyo hasa: tuliamua papo hapo, kwa masikio yetu, na hakukuwa na kurudi nyuma. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodi Nebraska chumbani kwa mashine kama hiyo mwaka 1982, na rekodi ile ya nyumbani ndiyo iliyotoka kuwa albamu. Kisa hicho ndicho kilichotutia moyo tusisubiri studio.

Mpiga gitaa alitaka tuondoe mvumo kwa programu. Tukajaribu wimbo mmoja. Mvumo uliondoka kweli, lakini ukaondoka na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti wa pili, na chumba chenyewe kikapotea. Tulibishana sana. Mwishowe tukahifadhi treki nne, kila moja peke yake, bila kuchuja chochote, na mwimbaji hakukubali kuondoka bila nakala yake.