Siku Moja Maishani Mwangu: Mistari Yote Ilipogeuka Myekundu

Saa mbili asubuhi. Ninatunza programu ndogo ya kuhariri matini, na siku hizi ninaiongezea uwezo wa kuweka matoleo ya faili, ili mwandishi abonyeze kitufe, nakala ya wakati huo ihifadhiwe, na baadaye ailinganishe na ya sasa. Watu huniuliza kazi iko wapi, ilhali kitufe cha kutengua, yaani cha kurudisha ulichobadilisha, kipo. Katika programu yangu, faili ikifungwa, kutengua husahau yote.

Saa tatu. Nimeamua kuhifadhi nakala nzima kila mara. RCS, programu ya kutunza matoleo ya faili iliyoandikwa na Walter Tichy, ya mwaka 1982, iliweka nzima nakala ya mwisho tu na kwa zilizotangulia ikaweka tofauti, ili kubana nafasi ya diski. Matini mafupi hayanilazimishi kubana hivyo.

Saa tano ukaja ujumbe wa mteja: “Ndugu, nimebadilisha neno moja, programu yako inadai nimebadilisha kitabu kizima.” Nilishuku kanuni ya ulinganishaji, ile ya Eugene Myers ya mwaka 1986 niliyoiandika upya kwa mkono, nikaipitia mstari kwa mstari hadi adhuhuri bila kuona kosa. Nilimwomba faili, akanitumia picha ya skrini, mistari yote myekundu, yaani imebadilika. Nilimwomba tena, akanakili maneno yote ndani ya barua pepe, ambayo kwa ukarimu wake ilifuta ushahidi wenyewe. Faili halisi ilifika alasiri. Kila mstari uliishia kwa alama mbili zisizoonekana, namba 13 na 10, kama ilivyo desturi ya Windows, nayo programu yangu ilipohifadhi iliacha 10 peke yake, kama ilivyo kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa ulinganishaji, kila mstari ni mpya. Kosa lilikuwa langu.

Marekebisho yalikuwa mistari tisa. Kilichonichosha ni matoleo yaliyokwisha kuhifadhiwa vibaya: niyasahihishe kimyakimya? Nilikataa, kwa kuwa historia inayorekebishwa kwa siri haina kazi. Nikaamua ulinganishaji upuuze miisho ya mistari, nakala za zamani zisiguswe, kisha nikajaribu tena na tena hadi nikaacha kutazama saa.

Usiku mteja alijibu: “Sasa ni sawa. Kwani ulibadilisha nini?” Katika orodha ya mabadiliko nimeandika sentensi moja: “Programu haibadilishi tena miisho ya mistari.”