PlayStation 2 ya kaka yangu na skrubu isiyopaswa kuguswa

Mwezi uliopita niliitoa kabatini PlayStation 2 ya kaka yangu, mashine ya kuchezea gemu kwenye runinga, ile kubwa nyeusi ya toleo la SCPH-50004, ambayo ilikuwa imekaa miaka mingi nyumbani kwetu Tanga ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Taa ya kijani iliwaka na feni ikazunguka vizuri, lakini kila nilipoweka diski ya gemu ya mpira wa miguu, kitu kilisikika kikisogea na kurudi ndani ya mashine kwa muda, kisha runinga ikaandika kwamba diski haisomeki.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliifungua palepale, akanionyesha kiskrubu kidogo kuliko punje ya ulezi kilichopo kwenye kichwa cha leza, yaani sehemu inayosoma diski kwa mwanga, akasema kwamba akikizungusha kidogo tu mashine itasoma na nitaondoka nikiwa nimefurahi. Alisema kweli, kwani ingesoma. Hata hivyo nilimwomba aifunge, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo kaka, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, alikuwa ameniambia kwenye simu: "Mdogo wangu, wakikuambia wanataka kuongeza nguvu ya leza, chukua mashine urudi nayo nyumbani." Nami nilimjibu, "Sawa kaka, nimekuelewa."

Napenda kueleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu naamini mashine nyingi zimekufa kwa njia hii zikiwa bado na uhai wa miaka. Kiskrubu kile hurekebisha ukinzani, yaani kiasi cha umeme kinachoruhusiwa kufika kwenye leza. Ukipunguza ukinzani, umeme mwingi zaidi unapita, mwanga unakuwa mkali, na mwanga huo mkali unapenya hata vumbi lililotanda juu ya lenzi. Kwa hiyo vumbi linabaki palepale, huku leza ikilazimishwa kufanya kazi kupita kiwango ilichopangiwa, hadi siku moja inaungua kabisa na hakuna kiskrubu cha kuirudisha. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, na utengenezaji wake ulikoma takriban miaka 13 baadaye. Anayeunguza leza leo atatafuta nyingine ndani ya mashine iliyokufa, au atanunua ya kuiga.

Kabla ya kufungua chochote nilifanya jaribio moja dogo ambalo lilinipa picha ya ugonjwa. Gemu za mashine hii zilitoka katika diski za aina mbili: za CD, ambazo upande wake wa chini ni wa buluu, na za DVD, ambazo ni za fedha. Diski yangu ya buluu ilisoma, tena bila kusita, lakini za fedha zote zilikataa. Mashine hutumia miale miwili tofauti kwa diski hizo, na njia za data kwenye DVD zimebanana sana, mikroni 0.74 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kutoka moja hadi nyingine, ilhali kwenye CD nafasi hiyo ni mikroni 1.6. Uchafu ambao CD inauvumilia unatosha kabisa kuizuia DVD. Huenda basi ilikuwa leza iliyochoka, lakini huenda pia ilikuwa lenzi chafu, na kusafisha hakuharibu kitu.

Nilichomoa waya wa umeme na kuiacha mashine ikae usiku kucha. Toleo hili halina adapta ya nje. Umeme wa volti 230 unaingia moja kwa moja ndani, na kapasita za pale huweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomoa. Skrubu za chini zimefichwa kwa vifuniko vidogo vya mraba vinavyobanduliwa kwa ncha ya bisibisi. Kifuniko cha juu hunyanyuliwa polepole, kwa sababu utepe mwembamba wa nyaya unakiunganisha kitufe cha kuwashia na bodi ya ndani, na ukichanika utakuwa umejitafutia kazi nyingine.

Ndani nilikuta vumbi la kahawia lililogandamana kama sufi kwenye feni. Lenzi yenyewe, ambayo inapaswa kung'aa kwa rangi ya zambarau, ilikuwa na ukungu mweupe mithili ya jicho lenye mtoto wa jicho. Nilichovya kijiti cha pamba katika alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, nikakikamua, nikapitisha mara mbili kwa kuzungusha bila kukandamiza. Spiriti ya kusafishia vidonda siipendekezi, kwani aina nyingi zina mafuta yanayobaki juu ya kioo. Kisha nikafuta grisi ya zamani kwenye reli mbili ambazo kichwa cha leza huteleza juu yake. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama nta, na nadhani ndiyo iliyosababisha ule mlio. Nikapaka grisi mpya kidogo sana. Gia nyeupe inayorekebisha mwinamo wa reli sikuigusa, na nawasihi wenzangu wasiiguse bila kwanza kuweka alama ya kalamu mahali ilipo.

Diski ya kwanza ya fedha ilisoma. Ya pili pia ilisoma. Ya tatu ina mikwaruzo mirefu, nayo hukwama katikati ya mechi, lakini hilo ni tatizo la diski. Ndani ya memori kadi ya MB 8 nilikuta ligi ya kaka ikiwa bado ipo, na timu yake ikiwa na wachezaji wote aliowasajili kabla hajasafiri. Niliipiga picha skrini nikamtumia. Alinipigia simu papo hapo, na kwa muda hakusema kitu zaidi ya kutaja majina ya wachezaji wale, mmoja baada ya mwingine.

Imebaki betri ya CR2032 inayotunza saa, kwani kila ninapoiwasha mashine inaniomba tarehe upya. Nimeshainunua, na nitaiweka Jumamosi.